Alberto Ascari: Bingwa wa langalanga aliyeiogopa tarehe 26

ILIKUWA Jumapili, Machi 27, mwaka 1955, katika mji wa Turin, kaskazini mwa Italia. Bustani ya Valentino, ambayo siku nyingine huwa mahali pa wazee kuota jua na vijana kutembea wawili wawili kando ya Mto Po, ilikuwa imefungwa. Njia zake zinazopita chini ya miti, jirani na kasri la kale la ukoo wa kifalme wa Savoy, ziligeuzwa uwanja wa mbio. Magari membamba yenye magurudumu yaliyochomoza nje ya bodi yalizunguka humo kwa ngurumo mara 90, kila mzunguko ukiwa na kilomita 4.2.

Mshindi wa siku hiyo alikuwa Alberto Ascari, bingwa wa dunia wa mwaka 1952 na 1953, mwenyeji wa Milan, mtu mwenye mwili kiasi cha marafiki zake kumwita Ciccio, yaani kibonge. Nyuma yake alifika Roberto Mieres wa Argentina akiendesha Maserati, na wa tatu akawa Luigi Villoresi, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wakazi wa Turin walikuwa na sababu ya ziada ya kushangilia. Gari la Ascari, Lancia D50, lilitengenezwa katika mji wao huo, na huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza tangu lilipoundwa. Hakuna aliyejua kwamba dereva huyo alikuwa amebakiziwa siku 60 za kuishi.

Kwa msomaji wa hapa kwetu, aliyezoea habari za magari yanayokata mbuga na matope ya Safari Rally, mashindano ndani ya bustani ya mji huenda yakamshangaza. Ni sawa na kuifunga Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam au Uhuru Park ya Nairobi, kupanga marobota ya majani makavu kwenye kona, kisha kuyaachia magari yakimbie kwa nguvu zake zote mbele ya watu waliosimama kandokando. Lakini katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia hilo lilikuwa jambo la kawaida. Viwanja maalumu vilikuwa vichache, na waandaaji waliona heri mchezo uwafuate watu mjini. Mti uliokuwa hatua chache kutoka ukingo wa njia uliachwa pale pale ulipoota.

Ascari aliijua hatari hiyo tangu utotoni, kwani mauti ya barabarani yalikwishapiga hodi nyumbani kwao. Alizaliwa Milan, Julai 13, mwaka 1918. Baba yake, Antonio Ascari, alikuwa mmoja wa madereva wakubwa wa Alfa Romeo, na mwaka 1924 alishinda mashindano makuu ya Italia katika uwanja wa Monza. Inaelezwa kuwa alikuwa akimchukua mwanawe mdogo kwenda naye uwanjani na hata kumpakata mbele ya usukani. Julai 26, mwaka 1925, akiongoza mashindano makuu ya Ufaransa huko Montlhéry, karibu na Paris, gari la Antonio liligusa uzio wa mbao kwenye kona, likapinduka, naye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 36. Alberto alikuwa ametimiza miaka saba siku 13 tu kabla ya msiba huo.

Mtu angedhani kwamba mtoto huyo angeyachukia magari maisha yake yote. Ilikuwa kinyume. Shuleni hakukalika, akatoroka mara mbili, na mapenzi yake yakawa kwenye pikipiki. Hatimaye kampuni ya Bianchi ilimchukua kuwa dereva wake wa pikipiki za mashindano. Mwaka 1940 alihamia kwenye magari, akashiriki mbio za Mille Miglia kwa mojawapo ya magari mawili ya kwanza yaliyoundwa na Enzo Ferrari, mtu aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake na mwenzake katika timu ya Alfa Romeo. Magari yale hayakuwa hata na jina la Ferrari, kwa kuwa mkataba wake wa kuachana na Alfa Romeo ulikuwa bado unamzuia kulitumia. Yote mawili yaliharibika njiani.

Vita ilikatiza kila kitu. Ascari na Villoresi, aliyemzidi umri kwa miaka tisa na kuwa kama kaka yake, walifanya biashara ya kusafirisha mafuta kwa ajili ya majeshi ya Italia huko Afrika Kaskazini. Alioa, akapata watoto wawili, wa kiume na wa kike, na yule wa kiume akapewa jina la babu yake. Amani iliporejea, Ascari hakuwa na haraka ya kurudi mashindanoni. Alikuwa na familia na riziki, na ilibidi Villoresi amshawishi sana.

Ilikuwa hapa barani Afrika ndipo aliporejea. Machi, mwaka 1947, mwenye kiwanda mmoja wa Turin aitwaye Piero Dusio alisafirisha magari yake madogo ya Cisitalia hadi Misri, yakashindanishwa katika kisiwa cha Gezira, penye bustani na viwanja vya michezo katikati ya Mto Nile, jijini Cairo. Magari yote yalikuwa ya aina moja, hivyo kilichopimwa hasa ni mkono wa dereva. Franco Cortese alishinda, Ascari akashika nafasi ya pili. Baada ya hapo hakukuwa tena na mjadala kama angerudi au la. Mwaka uliofuata alishinda huko San Remo akiwa na Maserati mpya, na gari lile likabaki likiitwa kwa jina la mji huo.

Bustani iliyomfundisha zaidi bei ya kazi yake, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni ile ya Palermo, jijini Buenos Aires, Argentina. Mwishoni mwa Januari, mwaka 1949, madereva wa Ulaya walivuka bahari kwenda kushindana katika barabara za bustani hiyo pana. Miongoni mwao alikuwemo Mfaransa Jean-Pierre Wimille, ambaye wengi walimhesabu kuwa dereva bora kuliko wote wa wakati ule. Ijumaa, Januari 28, katika mazoezi, Wimille alipata ajali ndani ya bustani hiyo na kupoteza maisha. Mashindano hayakuahirishwa. Jumapili, Januari 30, Ascari alipanda gari lake, akapita mzunguko hata mzunguko mahali mwenzake alipofia, na akashinda. Desemba ya mwaka huohuo alirudi Palermo na kushinda tena, safari hii akiwa na Ferrari.

Mwaka huo wa 1949 yeye na Villoresi walikuwa wamejiunga na Ferrari. Ascari alishinda Uswisi, kisha akashinda mashindano makuu ya Italia huko Monza, robo karne baada ya baba yake kushinda palepale. Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1950, Alfa Romeo ndio waliotawala. Mwaka 1951 Ascari aliwabana kwelikweli, akashinda Ujerumani na Italia, na taji likawa linaamuliwa katika shindano la mwisho huko Barcelona. Hapo Ferrari walichagua tairi ndogo kuliko zilizofaa. Zikaanza kumeguka moja baada ya nyingine, na ubingwa ukaenda kwa Juan Manuel Fangio wa Argentina.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya Ascari peke yake. Mwaka 1952 aliikosa Uswisi kwa kuwa alikuwa Marekani, katika mbio za Indianapolis, ambako gurudumu lilimharibikia mapema. Aliporudi Ulaya alishinda Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Italia bila kukosa hata moja. Mwaka 1953 akaanza na Argentina, akaendelea na Uholanzi na Ubelgiji. Ukiacha Indianapolis, ambayo wakati huo ilihesabiwa katika ubingwa ingawa madereva wa Ulaya hawakuwa wakienda, huo ni ushindi wa mara tisa mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu peke yake kwa miaka 60, hadi Mjerumani Sebastian Vettel alipoifikia mwaka 2013, na Max Verstappen wa Uholanzi akaivuka mwaka 2023. Taji la pili la Ascari alilitwaa mwaka 1953, mwaka uleule Safari Rally ilipofanyika kwa mara ya kwanza hapa Afrika Mashariki. Hadi msimu wa 2025 unamalizika hakuna Muitaliano mwingine aliyekuwa amelitwaa tena.

Uendeshaji wake haukuwa wa madoido. Alikaa wima, mikono ikisogea kidogo tu, akiligusisha gari palepale alipokusudia katika kila mzunguko. Enzo Ferrari aliamini kwamba Ascari akitangulia tangu mwanzo hakuna wa kumpata, ila akilazimika kufukuza kutoka nyuma hakuwa na uhakika uleule. Huenda ni kweli. Mtu wa mpango hupenda mambo yaende kama alivyoyapanga.

Na mambo yake aliyapanga kwa namna ambayo watani wake waliona ni ushirikina mtupu. Helmeti yake ilikuwa ya rangi ya samawati, na fulana yake ya rangi hiyohiyo. Vitu hivyo, pamoja na miwani na glavu, vilikaa katika mkoba ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuugusa, kana kwamba ndani yake mna hirizi. Paka mweusi akikatiza mbele yake, alikuwa radhi ageuze gari atafute njia nyingine. Alizihofia tarehe na tarakimu, na zaidi ya zote ile 26 iliyomchukua baba yake. Si haki kumcheka. Mtoto aliyeletewa habari ile mwaka 1925 alikuwa anajaribu, kwa njia aliyoiweza, kuufungia mlango msiba usirudi.

Lipo jambo jingine lililo zito kuliko paka na tarakimu. Enzo Ferrari alieleza baadaye kuwa aliwahi kumuuliza kwa nini alikuwa mkali kwa watoto wake, ilhali alikuwa mtu mpole na mkarimu kwa kila mtu. Jibu lake lilikuwa kwamba hakutaka wampende kupita kiasi, ili siku asiporudi nyumbani maumivu yao yawe mepesi. Alisema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa kungoja baba asiyerudi. Hata hivyo aliendelea kuendesha.

Mwishoni mwa mwaka 1953 aliachana na Ferrari baada ya kutoelewana juu ya malipo, akasaini na Lancia pamoja na Villoresi. Kimchezo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa, kwani gari jipya la Lancia lilichelewa na bingwa wa dunia akapitisha karibu msimu mzima wa 1954 akiazima magari ya wengine. Faraja yake ilikuwa Mille Miglia, mbio za kilomita 1,600 katika barabara za kawaida za Italia, ambazo hakuzipenda hata kidogo. Aliziendesha peke yake katika Lancia na kuzishinda.

Gari lililokuwa likingojewa lilibuniwa na mhandisi mzee, Vittorio Jano. Mwaka 1924 Jano ndiye aliyebuni Alfa Romeo P2, gari la ushindi wa Antonio Ascari, na ndilo alilofia huko Montlhéry. Miaka 30 baadaye, mkono uleule ulimchorea mwanawe D50. Lilikuwa gari dogo, fupi, lenye injini ya silinda nane iliyofanywa kuwa sehemu ya mhimili wa gari lenyewe, na matangi ya mafuta yakining'inia pembeni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili uzito usihame mafuta yanapopungua. Lilipotokea kwa mara ya kwanza Barcelona, Oktoba 1954, Ascari alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia na kuongoza, kabla klachi haijamwangusha.

Ndiyo maana ushindi wa Turin ulikuwa na uzito kupita wa mashindano yasiyo na pointi za ubingwa. Bustani ya Valentino yenyewe ilikuwa na historia. Katika majira ya baridi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Enzo Ferrari akiwa kijana aliyenyimwa kazi na Fiat alikaa kwenye benchi la bustani hiyo akalia. Mwaka 1947, Raymond Sommer alipoipatia Ferrari ushindi mkubwa humo, mzee huyo alikwenda kuketi kwenye benchi lilelile akalia tena, safari hii kwa furaha. Mwaka 1952 Villoresi alishinda hapo kwa gari la Ferrari. Sasa, mwaka 1955, ilikuwa zamu ya Lancia, wenye mji, na Gianni Lancia aliyekuwa amezama katika madeni kwa sababu ya mradi huo alipata angalau siku moja ya kutabasamu. Mei 8, Ascari alishinda tena huko Naples.

Mei 22 yakafika mashindano makuu ya Monaco, katika barabara nyembamba zinazoizunguka bandari. Yalikuwa ya mizunguko 100. Fangio gari lilimharibikia, na ilipokaribia mizunguko 20 ya mwisho Mwingereza Stirling Moss aliyekuwa akiongoza naye injini ikamfia. Uongozi ulikuwa unamngoja Ascari. Katika mzunguko huohuo, alipotoka kwenye mwanga baada ya handaki na kuteremka kuelekea ukingo wa bandari, gari lilimponyoka, likapasua marobota ya majani na mifuko ya mchanga, likatumbukia baharini. Watu walishika vichwa. Baada ya sekunde chache helmeti ya samawati iliibuka juu ya maji, na Ascari akaogelea hadi kwenye mashua ya waokoaji. Alikuwa amevunjika pua na kupata michubuko, basi. Ushindi ulikwenda kwa Mfaransa Maurice Trintignant.

Aliruhusiwa kurudi Milan kupumzika. Alhamisi, siku nne baadaye, alipata habari kuwa kijana Eugenio Castellotti, mwenzake wa Lancia, alikuwa Monza akijaribu gari la Ferrari ambalo wawili hao walitarajiwa kuliendesha Jumapili iliyofuata. Akaenda kutazama, akiwa amevaa koti na tai. Uwanja wa Monza nao umo ndani ya bustani kubwa ya kifalme iliyozungushiwa ukuta, na siku hiyo ulikuwa mtulivu. Ghafla Ascari aliomba azunguke mara chache. Yawezekana aliamini kwamba dereva aliyepata ajali asipopanda gari mapema hofu humganda, na hilo madereva wengi walilisadiki. Helmeti yake ya samawati ilikuwa imeharibika Monaco na ipo kwa fundi. Akaazima helmeti nyeupe ya Castellotti. Mtu ambaye hakuruhusu mkono wa mwingine uguse mkoba wake aliingia barabarani na kofia ya mwenziwe kichwani.

Katika mzunguko wa tatu, kwenye kona ya kasi iitwayo Vialone, gari liliserereka, likabingirika na kumtupa nje. Alifariki katika muda mfupi. Hakukuwa na gari lingine barabarani, na chanzo hakijapata kuthibitishwa. Wapo waliotaja tairi, wapo waliodhani mtu alikatiza mbele yake, na wapo wanaosema kichwa chake kilikuwa bado hakijapona tangu Monaco. Mwandishi huyu anaelemea kwenye hili la mwisho, kwani siku nne ni chache mno kwa mtu aliyetumbukia baharini na gari lake. Ilikuwa Mei 26. Ascari alikuwa na umri wa miaka 36, kama baba yake, naye alikuwa amemzidi kwa siku chache tu. Aliacha mjane na watoto wawili, kama baba yake. Idadi ya mashindano ya ubingwa wa dunia aliyoshinda ilikuwa 13.

Milan ilisimama siku ya mazishi, umati ukijipanga barabarani kimya. Alizikwa katika makaburi makuu ya mji huo, ubavuni mwa Antonio. Kona ya Vialone ilibadilishwa baadaye na kupewa jina lake, na kila mwaka magari ya langalanga yanapoitembelea Monza hupunguza mwendo hapo.

Lancia hawakuweza kuendelea. Castellotti aliombewa ruhusa ya kushiriki peke yake Ubelgiji mwanzoni mwa Juni, akapata nafasi ya kwanza ya kuanzia, lakini gari halikumaliza, na huo ukawa mwisho wa timu. Magari yote ya D50 yakakabidhiwa kwa Ferrari pamoja na vipuri vyake, na Jano akayafuata kama mshauri. Fangio alitwaa ubingwa nayo mwaka 1956. Makabidhiano hayo yalifanyika Turin, katika ua wa kiwanda cha Lancia, Julai 26, mwaka 1955, miaka 30 kamili tangu Antonio Ascari alipofia Montlhéry.